Gesi ya bahari kuu ya Lindi na Mtwara "ilionekanaje"? Uzi wa mitetemo na kompyuta kubwa

#1 NahodhaWaData (Mikindani)

Wakuu, habari za jioni.

Kila mradi wa LNG (gesi iliyogeuzwa kimiminika) wa Likong'o, Lindi, ukitajwa humu, hazipiti kurasa mbili kabla mtu hajaandika "meli zilipita zikaona gesi". Nimechoka kuipita kimya kauli hiyo. Hakuna meli iliyoona gesi. Meli ilipiga mlio, ikasikiliza, ikaondoka. Picha ilitokana na hesabu, na hesabu hizo zilifanywa na kompyuta zilizo mbali sana na Bandari ya Mtwara. Leo nashusha taratibu, mwenye swali aulize, anayejua zaidi aongezee.

Tuanze na maji yenyewe. Kisima cha Zafarani, kilichogundua gesi kitalu namba 2 mwaka 2012, kiko kwenye kina cha maji cha mita 2,500 hivi. Kule kitalu 2 visima walivipa majina ya viungo: Zafarani, Lavani, Tangawizi, Mdalasini. Vitalu 1 na 4 wakachukua samaki: Chewa, Jodari, Mzia, Mkizi, na Pweza (tumpe usamaki kwa leo). Huwezi kuteremsha kamera ikatoboa mwamba kilometa kadhaa chini ya sakafu ya bahari. Kinachopenya huko ni sauti.

Meli ya mitetemo inavuta bunduki za hewa na nyaya ndefu zilizojaa haidrofoni, yaani vinasa sauti vya majini. Tuchukue meli ya kawaida: nyaya 10, kila mmoja kilometa 8, na kinasa kila mita 12.5. Hapo una vinasa 640 kwa waya, 6,400 kwa jumla. Meli inatembea mita 2.3 hivi kwa sekunde, inapiga mlio kila ikimaliza mita 25, sawa na kila sekunde 11. Kila mlio unasikilizwa kwa sekunde 10, sampuli moja kila milisekunde 2. Piga hesabu mwenyewe: kila mlio unaacha karibu megabaiti 130. Meli ikifanya kazi usiku na mchana, hiyo ni terabaiti 1 kwa siku. Na utafiti mmoja unakwenda wiki nyingi.

Sasa ndani ya hizo terabaiti hamna picha. Kuna mistari ya mitikisiko tu. Kila mstari unakwambia "mwangwi umefika sekunde ya 4.7". Haukwambii umetoka upande gani wala kina gani. Ili ujue kina lazima ujue kasi ya sauti njiani, na kasi inabadilika: majini ni mita 1,500 hivi kwa sekunde, kwenye matope laini chini ya sakafu inaongezeka kidogo, kwenye mchanga ulioshindiliwa inafika 3,000, kwenye chokaa ngumu inapita 4,000. Tena sauti haiendi moja kwa moja. Aliyewahi kusukuma mtumbwi anajua pondo likiingia majini linaonekana limevunjika, wakati ni zima. Mwamba unaipinda sauti kwa kanuni hiyohiyo, ila inapindwa mara nyingi njiani, na hakuna wa kulitoa pondo nje akuthibitishie.

Kwa hiyo mjadala wote wa kompyuta kubwa unatokana na hapo. Picha ya chini ya bahari ni dai: "IKIWA kasi ni hizi, basi matabaka yako hapa." Ukibadilisha kasi, tabaka linahama. Nguvu nyingi zaidi ya kompyuta inachomwa kutafuta hizo kasi kuliko kuchora picha yenyewe.

Nakuja na sehemu ya hesabu. Ngoja nipate chai.

#2 Korosho Ghafi

Naweka kiti mbele kabisa. Shusha mkuu.

#3 Chikongola Boy

Mkuu naomba ufafanuzi kabla hujaendelea. Songo Songo iligunduliwa 1974, Mnazi Bay 1982. Hizo kompyuta zilikuwepo? Naona kama walipata tu bila mbwembwe zote hizi.

#4 NahodhaWaData

Swali zuri. Zilikuwepo, lakini ndogo, na utafiti ulikuwa wa mstari mmoja mmoja. Songo Songo maji ni mafupi, Mnazi Bay ni kwenye kingo za nchi kavu. Mwamba ulioinuka vizuri unaweza kuuona hata kwa hesabu nyepesi. Ukihamia bahari kuu, ambako gesi iko kwenye mchanga uliomwagwa na mito ya kale ukateremka mabondeni chini ya bahari, unene wa mtego (mwamba ulioishika gesi) wakati mwingine ni makumi ya mita. Hapo hesabu nyepesi inakudanganya.

Halafu kuna jambo linanifurahisha. Hesabu zinazotumika leo zina umri wa Mnazi Bay. Njia ya kurudisha mawimbi nyuma kwa muda, RTM, ilichapishwa 1983. Mwaka huohuo Patrick Lailly, na mwaka uliofuata Albert Tarantola, wote wakifanya kazi Ufaransa, wakaweka msingi wa FWI, njia ya kutafuta kasi kwa kulinganisha wimbi zima. Karatasi zilikuwepo, mashine haikuwepo. FWI ya pande tatu kwenye data halisi ya baharini ilianza kupigiwa makofi karibu na 2009, kwenye uwanja wa mafuta wa Valhall, Norwei. Miaka 25 ya kusubiri umeme na silikoni.

#5 Mvuvi wa Msimbati

Mimi sijui kompyuta. Nauliza hiyo milio. Sisi huku tulipigwa marufuku baruti, na ni haki, baruti imeua miamba yetu. Sasa meli kubwa inapiga kila sekunde 11 usiku na mchana, hiyo siyo baruti? Miezi ya nane na tisa nyangumi wanapita hapa na watoto wao tunawaona.

#6 NahodhaWaData

Shikamoo mzee. Swali lako ni la haki kabisa na halijibiwi kwa neno moja.

Si baruti. Ni hewa iliyoshindiliwa, mgandamizo wa psi 2,000 hivi, inaachiwa ghafla. Haipasui mwamba kama baruti. Lakini ni kelele kubwa mno, na majini kelele inasafiri mbali. Miongozo ya JNCC, shirika la hifadhi ya viumbe la Uingereza, ambayo wengi duniani wanaiiga, inataka mtu maalumu wa kuangalia wanyama kabla ya kuanza, eneo la mita 500 liwe tupu, na milio ianze midogo ikuzwe kwa angalau dakika 20 ili mnyama apate nafasi ya kukimbia. Hiyo inamsaidia nyangumi anayeweza kuondoka. Viumbe vidogo vinavyoelea haviwezi kukimbia: mwaka 2017 watafiti walichapisha jaribio la huko Tasmania lililoonyesha vifo vya viumbe hao hadi kilometa 1.2 kutoka kwenye bunduki moja ya hewa. Wengine wamebishana na ukubwa wa athari hiyo. Mimi ningekuwa mjumbe wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwambao) ningeuliza ratiba ya meli kabla haijafika, na ningeuliza wanapiga miezi gani.

Na hapa kompyuta inaingia tena mzee wangu. Data ya zamani ikichakatwa upya kwa hesabu mpya, mara nyingi picha inakuwa bora bila meli kurudi baharini. Hata mlio mmoja mdogo haupigwi.

#7 Mvuvi wa Msimbati

Marahaba. Hilo la kuchakata upya bila kurudi nimelipenda. Endelea.

#8 NahodhaWaData

Sehemu ya hesabu sasa. Mnaochoka na namba rukeni hadi #11.

RTM inafanya hivi. Unachukua ramani ya kasi unayoiamini. Unaligawa eneo kuwa viboksi. Ndani ya kompyuta unapiga mlio uleule mahali palepale meli ilipopiga, unaliacha wimbi lisambae hatua kwa hatua. Kisha unachukua kilichonaswa na haidrofoni na kukirudisha majini kinyumenyume, sekunde ya mwisho ikitangulia. Mahali ambapo wimbi la kwenda na wimbi la kurudi yanakutana kwa wakati mmoja, hapo ndipo mwangwi ulipozaliwa. Unaweka alama. Unarudia kwa kila mlio, unajumlisha alama zote.

Ukubwa wa kiboksi hauchagui wewe, unachaguliwa na fizikia. Ukitaka kufika hezi 30 (mitikisiko 30 kwa sekunde), wimbi fupi kuliko yote liko majini: 1,500 gawanya kwa 30, mita 50. Unahitaji angalau viboksi vinne kwa wimbi moja, kwa hiyo mita 12.5. Sasa chukua eneo la mlio mmoja tu, kilometa 12 kwa 8 kwa kina cha 8. Viboksi vinakuwa milioni 393. Hatua za muda ili uigize sekunde 10 bila hesabu kulipuka: 7,000 hivi. Yaani viboksi vinahesabiwa upya mara trilioni 2.75, na kila mara kiboksi kinasoma majirani zake pande zote. Hiyo ni kwenda tu. Bado kurudi. Na ni mlio MMOJA, kwenye utafiti wenye milio makumi ya maelfu.

Kuna mtego mwingine ambao watu hawauzungumzii. Wimbi la kwenda linaanza mwanzo, wimbi la kurudi linaanza mwisho. Ili yakutane lazima uwe umehifadhi moja. Ramani moja ya viboksi hivyo ni gigabaiti 1.57. Zidisha kwa hatua 7,000: terabaiti 11 za muda kwa mlio mmoja. Hakuna anayehifadhi zote. Wengine wanahifadhi hatua chache na kuhesabu upya zilizokosekana, wengine wanahifadhi kingo za eneo tu kisha wanalirudisha wimbi nyuma kutokea hapo. Kuhesabu tena ni rahisi kuliko kusoma diski! Mara ya kwanza kuisikia hiyo sikuamini.

Na hapo ndipo GPU, yaani kadi za michoro za kompyuta, zilipowashinda wengine. Kazi hii haikwami kwenye kujumlisha na kuzidisha, inakwama kwenye kuleta namba kutoka kwenye kumbukumbu. Laptop ya kawaida inaleta labda gigabaiti 40 kwa sekunde. Kadi ya NVIDIA A100 yenye gigabaiti 80 inaleta 2,000. Mlio mmoja unakaa ndani ya kadi moja, milio haijuani, kwa hiyo ukiwa na kadi 1,000 unafanya milio 1,000 kwa mpigo. Kazi zikiwa kubwa kupita kadi, eneo linakatwa vipande na kadi zinapeana kingo za vipande kupitia MPI, njia ya kompyuta kutumiana ujumbe.

Mwisho wa namba: ukitaka picha kali mara mbili, toka hezi 30 hadi 60, viboksi vinakuwa nusu kwa urefu, upana na kina, na hatua za muda zinaongezeka mara mbili. Mbili mara mbili mara mbili mara mbili. Gharama mara 16.

#9 Chikongola Boy

Mara 16 kwa ukali mara mbili 😳 hata mnada wa korosho haunyanyasi hivyo

#10 Korosho Ghafi

Usiguse korosho mkuu, uzi utahama.

#11 Mtetemo

Nimekuwa nasoma kimya. Nimewahi kufanya kazi ya kuchakata data hizi nje ya nchi, kampuni siitaji. Mleta uzi yuko sawa kwenye mengi, ila ana harufu ya "kompyuta kubwa zaidi = picha bora zaidi". Hapo napinga.

Nchi yetu ina mfano mzuri. Mteremko wa bahari kuanzia Lindi kwenda chini umekatwakatwa na makorongo. Chukulia korongo la kina cha mita 400. Pembeni yake sauti inapita mita 400 za matope yenye kasi ya 2,000. Ndani ya korongo inapita mita 400 za maji yenye kasi ya 1,500. Kwenda na kurudi ni sekunde 0.40 dhidi ya 0.53. Sekunde 0.13 zimepotea. Tabaka lililo chini, lililonyooka kabisa, litaonekana limedidimia chini ya korongo. Kwa mwamba wa kasi ya 2,500 udidimio huo wa uongo ni mita 160 na ushee. Na makorongo mawili yakiwa jirani, kilichobaki katikati kitaonekana kama kilima. Mwana jiolojia anayewinda mtego wa gesi anatafuta nini? Kilima.

Hiyo haitibiwi kwa petaflopu (kipimo cha kasi ya kompyuta kubwa). Inatibiwa kwa kupima sakafu ya bahari vizuri, kupima kasi ya maji (inabadilika na joto na chumvi, hata kati ya msimu wa kusi na kaskazi) na kuwa na nyaya ndefu za kutosha ili sauti ipite pembeni na kurudi. Ukiingiza kasi mbovu kwenye RTM, unapata picha safi sana ya mahali pasipo sahihi.

FWI nayo ina ugonjwa wake. Inalinganisha mawimbi yaliyotabiriwa na yaliyonaswa, inasahihisha kasi, inarudia. Ikiwa utabiri wako umechelewa zaidi ya nusu wimbi, hesabu inashikamana na kilele cha jirani na kuendelea kwa furaha kuelekea kusiko. Kwa hezi 5 nusu wimbi ni sekunde 0.1. Umeona hapo juu korongo peke yake linaleta 0.13. Dawa ni masafa ya chini, hezi 3 au pungufu, na bunduki za hewa haziyatoi vizuri. Ndiyo maana watu wanalaza nodi, yaani vinasa vinavyojitegemea, kwenye sakafu ya bahari, zinasikia vizuri chini na mbali. Gharama yake sasa, acha.

#12 NahodhaWaData

Karibu sana mkuu, wewe ndiye niliyekuwa namsubiri. Korongo nalikubali lote. Lakini nikuulize: kwenye korongo hilohilo, bila FWI ungeisahihisha vipi kasi kwa undani huo? Kwa mkono?

#13 Mtetemo

Kwa tomografia ya kawaida (kukisia kasi kutokana na muda sauti inaotumia njiani), na kwa mkono, ndiyo, na tulifanya hivyo miaka. Sisemi FWI haifai. Nasema inafaa pale ramani ya kuanzia inapokaribia ukweli, na kuikaribia ni kazi ya mtu anayejua jiolojia ya eneo. Mtu anayejua kwamba Mandawa kuna chumvi ya kale chini, na kwamba chumvi inapitisha sauti kwa mita 4,500 kwa sekunde. Mtu anayejua Madagaska ilikuwa imegusana na pwani ya Afrika Mashariki kabla ya kuteleza kwenda kusini, ikaacha ule mgongo wa Davie baharini. Huyo mtu anaweza kuwa wa chuo chetu, UDSM au UDOM. Kadi za GPU unakodi, yeye hukodi.

Tena ongeza marudio. Sauti inagonga sakafu, inapanda, inagonga uso wa bahari, inashuka tena. Kwenye maji ya mita 2,500 mwangwi wa kwanza wa sakafu unafika sekunde ya 3.3 na marudio yake sekunde ya 6.7, yanatua juu ya matabaka ya kina kirefu. Kwenye maji ya mita 30 marudio yanapishana kwa sekunde 0.04, yanajaza rekodi nzima. Usipoyaondoa, RTM yako itayachora kama mwamba. Kuyaondoa nako kunakula kompyuta, maana unatumia data yenyewe kutabiri marudio yake.

#14 Mzee wa Likong'o

Vijana mnaongea vizuri. Mimi nina swali la kizee. Hizo kompyuta ziko wapi, za nani? Sisi Likong'o tulipimiwa ardhi, tumesubiri, na bado tunasubiri. Huku nasikia picha ya bahari yetu ilitengenezwa ng'ambo. Tutajuaje kama walichotuonyesha ndicho?

#15 NahodhaWaData

Shikamoo mzee. Swali lako nitalijibu bila kuremba.

Ziko kwao. Kampuni ya mafuta ya AGIP ya Italia, waliogundua Songo Songo na Mnazi Bay, leo ni Eni. Eni wana mashine inaitwa HPC6 huko kaskazini mwa Italia, iliwashwa 2024, uwezo wa juu petaflopu 606. Petaflopu moja ni hesabu milioni bilioni kwa sekunde. Ilipopimwa Novemba 2024 ilishika nafasi ya tano duniani, na ilikula karibu megawati 8.5. Kituo cha umeme wa gesi cha Mtwara kilijengwa kikiwa na megawati 18, mkumbuke. Nusu ya kituo kwa kompyuta moja. Hao Eni ndio wako ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, waliogundua Mamba 2011 na Coral 2012, na shehena ya kwanza ya LNG ya Coral iliondoka Novemba 2022. TotalEnergies ya Ufaransa nao waliwasha Pangea III mwaka 2019. Kwa upande wetu wa SADC, Lengau ya Cape Town ilizinduliwa 2016 na petaflopu 1.

Sasa, tutajuaje? Data yenyewe ni mali ya Serikali, Sheria ya Petroli ya 2015 inasema hivyo, na PURA (mdhibiti wa mafuta na gesi) na TPDC (shirika la mafuta la taifa) ndio wenye dhamana. Hiyo ni nguvu kubwa. Lakini kumiliki mistari ya mitikisiko si kumiliki picha. Ukishindwa kuichakata mwenyewe, hata kwa kipande kidogo cha kupimia, unabaki kupokea picha ya mwenzako pamoja na kasi alizozichagua. Sisemi wanadanganya. Nasema kiasi cha gesi kinachokadiriwa kinategemea kina na unene, kina kinategemea kasi, na kasi ni uamuzi wa mtu. Ningependa mtu huyo mmoja awe anakaa upande wetu wa meza.

Hatuhitaji HPC6. Kupitia upya eneo la kitalu kimoja kwa masafa ya chini, hezi 10 badala ya 30, ni mara 81 nafuu. Hiyo ni klasta ndogo ya kadi chache.

#16 Korosho Ghafi

Kwa umeme upi lakini mkuu 😂

#17 NahodhaWaData

Gesi tunayo, mengine sijui.

#18 Mtetemo

Mara 81 nimeikagua, tatu ikijizidisha mara nne, sawa. Mzee wa Likong'o, niongezee hapo: hata picha bora kuliko zote haithibitishi gesi. Mchanga wenye gesi unang'aa kwenye picha, ni kweli. Lakini mchanga wenye gesi kiduchu isiyo na biashara nao unang'aa karibu sawasawa. Kinachokata shauri ni kuchoronga. Kwa hiyo mtu akikuonyesha doa jekundu kwenye skrini akasema "hizi hapa futi za ujazo trilioni kadhaa", muulize kisima kiko wapi.

#19 binti_Kilwa

Habari zenu kaka zangu, na shikamooni wazee. Nimemaliza jiolojia, niko nyumbani Kivinje natafuta kazi. Nina laptop ya RAM GB 8. Haya yote mnayosema naweza kuyagusa au ni ya kusoma tu? Nisaidieni pa kuanzia, tafadhali msinitajie kozi ya mamilioni.

#20 Fundi Linux

Dada karibu, hapa umefika. Zana nyingi ni bure kabisa na ndizo zinazofundishia vyuo vya nje.

Anza na Seismic Unix ya Colorado School of Mines. Ya zamani, sura mbaya, inaendeshwa kwa amri tu, lakini ukiielewa umeelewa kazi yenyewe. Unaunganisha programu ndogondogo kwa bomba la Unix: moja inasoma, ya pili inachuja, ya tatu inachora. Weka Linux, Ubuntu inatosha.

Kuna nyingine inaitwa Madagascar, ndiyo, kama kisiwa kilicho mbele yetu. Ilianzishwa na Sergey Fomel, ikatangazwa 2006. Uzuri wake kila picha inakuja na maelekezo ya kuitengeneza tena kuanzia sifuri, hakuna cha "niamini mimi".

Kwa RTM na FWI nenda Devito, imetoka Imperial College London. Wewe unaandika mlinganyo wa wimbi kwa Python kama ulivyo kwenye daftari, yenyewe inaandika msimbo wa C wenye kasi, na ukipata GPU inaandika wa GPU. Ina masomo yamepangwa: kuigiza wimbi, kisha RTM, kisha FWI. Usiruke la kwanza.

Faili utazikuta za SEG-Y, muundo wa kuhifadhi data za mitetemo wa 1975. Kichwa chake ni baiti 3,200, mistari 40 ya herufi 80, urithi wa kadi za kutobolewa, na herufi zenyewe mara nyingi ni za EBCDIC za IBM. Usistuke ukiona takataka, faili ni nzima. Kwa Python tumia segyio ya Equinor, kampuni ya mafuta ya Norwei, haohao wa kitalu 2.

Data ya kuchezea: Marmousi. Wafaransa wa IFP, taasisi ya utafiti wa mafuta, waliitengeneza 1988 kwa kuiga jiolojia ya bonde la Cuanza, Angola. Yaani dunia nzima inajifunzia hesabu hizi kwenye mwamba wa Afrika na wengi hawajui. Ukitaka data halisi, Equinor waliachia data yote ya uwanja wa mafuta wa Volve, Norwei, mwaka 2018.

#21 binti_Kilwa

Asante sana kaka. RAM yangu itabeba hiyo Marmousi?

#22 NahodhaWaData

Itabeba na kubaki. Ni kata ya pande mbili, urefu kilometa 9.2, kina kilometa 3. Kwa viboksi vya mita 12.5 ni 176,640 tu. Ramani moja haifiki megabaiti 1. Ukiigiza sekunde 4 kwa hatua ya milisekunde 1 na kuhifadhi wimbi lote ni gigabaiti 2.8, inaingia. Ikikubana, hifadhi kila hatua ya nne, inashuka hadi gigabaiti 0.7 na picha haitaharibika kwa masafa hayo.

Zoezi la kwanza ninalokushauri: fanya RTM kwa ramani sahihi ya kasi. Kisha punguza kasi zote kwa asilimia 5, rudia. Weka picha mbili pamoja upime tabaka moja limehama mita ngapi. Utaelewa ugomvi wangu na Mtetemo kuliko kurasa zote hizi.

#23 Mtetemo

Halafu zoezi la pili: chonga korongo kwenye sakafu ya bahari ya hiyo Marmousi, igiza data ukiwa nalo, chakata ukijifanya hujui lipo. Mkiniletea picha hiyo nitaacha kubishana.

#24 Chikongola Boy

Mimi sina laptop nina simu. Nifanyeje?

#25 Fundi Linux

Google Colab ina GPU ya T4 ya bure yenye GB 16, inafunguka kwenye kivinjari cha simu. Kuandika msimbo kwa kidole ni mateso lakini inawezekana. Usijaribu kupakia data kubwa tu: terabaiti moja kwa intaneti ya megabiti 20 ni siku nne na nusu bila kukatika. Wenye kazi zao bado wanasafirisha kanda na diski kwa ndege.

#26 binti_Kilwa

Nimeweka Seismic Unix, imekubali. Nimesoma faili moja ya SEG-Y ya mazoezi kwa `segyread`, `suximage` imechora. Ila `surange`, inayoorodhesha namba za kichwa cha faili, inaniambia meli iko kwenye kuratibu ya milioni 45 na zaidi. Hiyo si dunia hii 😂

#27 Fundi Linux

Angalia `scalco` (namba ya kukuza au kupunguza kuratibu) kwenye orodha hiyohiyo ya `surange`. Nadhani utaikuta -100. Ikiwa hasi maana yake gawanya, ikiwa chanya zidisha. Kuratibu huwekwa kama namba kamili ili desimali zisipotee. Gawanya kwa 100 utapata laki nne na nusu, hiyo ni mita za UTM, iko sawa kabisa.

#28 binti_Kilwa

Ni -100 kweli. Meli imerudi duniani. Naingia Devito kesho, umeme ukiruhusu.